Mshono wa Kushoto

"Hakuna ziwa litakalovimba mji huu bila mkono wangu kujua!"

Shangazi yangu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, katikati ya jengo la soko, mbele ya wauza vitambaa, wauza viatu na muuguzi mmoja aliyekuja na meza, vipeperushi na sauti ya upole kuwaeleza wanawake habari za kansa ya matiti. Muuguzi aliuliza kama kuna mwenye swali. Shangazi hakuwa na swali. Shangazi huwa na majibu tu. Alimnyang'anya kipaza sauti, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama medali, akatangaza kwamba anashona nguo za kike tangu muuguzi hajazaliwa, kwamba vifua vyote vilivyosimama pale vimeshapita kwenye futi hiyo, na kwamba serikali isijisumbue. Watu walicheka mpaka muuza viatu akaangusha kopo la gundi. Muuguzi naye akacheka, angefanyaje. Akampa kipeperushi. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaenda kukikunja na kukiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza.

Wateja wanamwita Fundi, basi. Mafundi wako wengi kwenye jengo lile, lakini ukitaja Fundi bila kuongeza neno utaelekezwa ghorofani, mlango wa bluu uliobanduka rangi. Ndani kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pazia la kahawia linaloficha kona ya kujaribia nguo. Nyuma ya pazia lile ndiko kwenye ufalme wake. Anakupima huku anakuuliza habari za mume, za watoto, za mama mkwe, na ukimaliza kujibu amemaliza kupima. Haandiki kitu. Aliwahi kumwambia mwalimu wa chekechea, "Kiunoni tuache nafasi, mama, mgeni yuko njiani," na mwalimu akaanza kulia pale pale, maana huyo mgeni alikuwa hajajitambulisha hata kwa mwenyewe.

Mimi ni binti wa kaka yake. Kazi yangu ni vifungo, upindo na pasi. Ananiita Nusu, kwa ajili ya diploma niliyoiachia katikati, na hivyo hivyo ndivyo anavyonitambulisha: "Huyu ni Nusu, nusu nyingine iko chuoni inasubiri lifti."

Kwa nguo zake mwenyewe hana mbwembwe. Ana magauni ya kazini ya mtindo mmoja, yote yamekatwa kwa karatasi moja iliyogeuka rangi ya chai, aliyoichora ujanani akiwa na kifua cha ujanani. Kila akinunua kitambaa, anaitandaza karatasi ile ile, anakata, anavaa. Mganga hajigangi, kinyozi hajinyoi, na mwanamke aliyepima mji mzima hakuwa amejizungushia futi miaka na miaka.

Niligundua kwa pasi. Nilikuwa nimeligeuza gauni lake la kijivu ndani nje, nikafika ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, nikaona mshono umefumuliwa na kushonwa upya, umesogezwa nje. Mstari wa vitundu vya mshono wa zamani ulikuwa bado unaonekana. Nikageuza upande wa kulia: haukuguswa. Sikuwaza kitu. Nikachukua la kijani. Kushoto limeachiwa, tena zaidi. Kulia liko kama lilivyozaliwa. Nikachukua jeusi, gauni jipya kabisa, na hapo ndipo nilipoisahau pasi mkononi. Lile halikuwa na nafasi tena ya kuachia. Kulikuwa kumeongezwa kipande chembamba cha kitambaa, kimeingizwa kwa ustadi mkubwa hivi kwamba kwa nje usingekijua. Kwa mkono nilijua. Mshono wa Shangazi naujua kama kikohozi chake.

"Shangazi, haya magauni yamekuwaje?"

"Yamekuwa magauni."

"Umeyaachia upande."

"Kitambaa kimesinyaa. Unaunguza kola hiyo."

"Kitambaa gani hicho kinasinyaa kulia kikaacha kushoto? Kina siasa?"

Hakucheka.

Kama humjui Shangazi hutaelewa kwa nini nilihisi baridi. Huyu ni mtu aliyecheka kwenye mazishi ya mama mkwe wake kwa sababu mchimba kaburi alikuwa amevaa suruali aliyoishona yeye kwa ajili ya mtu mwingine. Nikamwona ameinamia cherehani, anakanyaga kwa nguvu, na sindano inayodunga kitambaa haina uzi. Alishona hivyo mpaka mwisho wa kipande.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Shangazi."

"Kabla ya mvua," akasema. "Gauni lilianza kunibana hapa nikiinua mkono. Nikaachia. Likabana tena. Nikaachia. Wewe nguo ikikubana unafanyaje, unaenda polisi?"

Na hapo ndipo penye kosa lenyewe, kosa ambalo muuza samaki asingelifanya, wala mwalimu, wala mimi. Mtu mwingine nguo ikimbana upande mmoja atashangaa. Fundi hashangai. Fundi miaka yote amefundishwa na mikono yake kwamba mwili haukosei. Kinachokosea ni nguo. Bega la mteja limeinama? Inua bega la gauni. Nyonga moja kubwa? Punguza upande wa pili. Kwa hiyo mwili wake ulipomwambia neno, alilisikia kama mteja anayelalamika, akamtengenezea. Mara ya pili akamtengenezea. Mara ya tatu akamwongezea kitambaa bure.

"Linauma?"

"Haliumi hata kidogo. Lingeuma ningejua ni ugonjwa. Halafu ukoo wetu hauna hayo mambo, na mimi nimenyonyesha wote niliowazaa, na pini zimenichoma hapa maisha yangu yote. Ni pini hizo. Zimefanya sugu."

"Sugu ya ndani?"

"Nusu, usianze. Na usiniletee ile methali ya ufa na ukuta, mimi si jengo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuileta. Nikaufunga. Badala yake nikaivuta futi shingoni mwake.

"Unasema kitambaa. Basi nikupime. Tukikuta sawa kwa sawa, mimi ndiye mwongo, nitashona vifungo mwezi mzima nimenyamaza."

Hiyo ndiyo iliyomvutia. Aliingia nyuma ya pazia akasimama mbele ya kioo, amevua gauni, amebaki na sidiria, mikono ameiachia kama wanavyoiachia wateja wasiomzoea. Nikapima kutoka katikati ya kifua mpaka ubavuni, kulia. Nikataja. Nikapima kushoto. Nikataja.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hujui kupima wewe. Lete." Akapima mwenyewe. Akapima tena, polepole, akiibonyeza futi kwa kidole gumba kama mtu anayetaka kuishawishi. Futi haikushawishika.

Kisha akavua sidiria, akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa. Na pale pembeni ya ziwa, kuelekea kwapani, ngozi iliingia ndani. Haikuwa na kidonda wala wekundu. Ilibonyea tu, ikafanya kishimo na mikunjo midogo kuizunguka. Akashusha mkono, kishimo kikapotea. Akainua, kikarudi.

Akasema kwa sauti yake ya kazini, ile ya kumwambia mteja kwamba kitambaa alichonunua hakifai.

"Kuna uzi unavuta kwa ndani."

Kila mshonaji analijua jambo hilo. Kitambaa kikijikunja juu bila sababu, usipige pasi. Geuza, tazama chini, kuna uzi umekaza. Alikuwa amewaambia wanagenzi wote waliopita pale. Sasa alikuwa anakitazama kioo, mkono juu, mkono chini, mkono juu.

Ungedhani tulikimbia hospitali. Siku iliyofuata nilimkuta anakata sare za kwaya.

"Nikimaliza hizi," akasema.

"Kwaya ina watu wangapi?"

"Wanaimba wengi, wanaojua wachache. Nikimaliza hizi, Nusu."

Baada ya kwaya zikaja nguo za wahitimu. Baada ya wahitimu, mama mmoja na gauni lake la kuvalia kwenye kesi ya talaka, ambalo kwa kweli halingeweza kusubiri. Mimi nikawa mtu wa kumtazama kifua tu. Mteja anaongea, mimi natazama kifua cha Shangazi. Anakunywa maji, natazama. Usiku nikilala najishika ziwa langu mwenyewe, natafuta, nakuta mbavu, nashtuka kwamba nina mbavu. Nikaanza kuchukia sauti ya cherehani, kwa sababu kila ilipolia niliisikia ikisema bado, bado, bado.

Asubuhi moja nikawahi kufika. Nikazichomoa bobini zote mbili, zile za uzi wa chini, nikazitia ndani ya sidiria yangu. Shangazi akaja, akakaa, akakanyaga, akainama kutazama, akainuka.

"Ziko wapi?"

"Zimevimba kifuani. Nazipeleka hospitali. Ukizitaka tufuatane."

Alinitukana kwa ufasaha ambao hata chuoni sikuukuta. Alinitukana ngazi zote, barabara yote, mpaka kwenye geti la hospitali, na pale getini akaacha, akanishika mkono.

Benchi la wagonjwa lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu wenye hofu. Wanawake walikuwa wamekaa wamepakata mikoba kama watoto. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shangazi, ambaye hukaa na mtu asiyemjua dakika moja akajua jina la mbuzi wake, alikaa akihesabu tundu za ukuta.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani, koti lake limebana mabega. Nilijua Shangazi ameliona na linamkera. Alimpima kwa vidole, kwa mzunguko, bila haraka, ziwa lote, halafu kwapani, halafu upande wa pili ambao hatukuulizia. Akamwinua mikono. Kishimo kikaja.

"Mama, hiki ulikiona lini?"

"Kishimo ni juzi juzi. Kubana ni zamani."

"Na uvimbe?"

"Uvimbe gani?"

Daktari akauchukua mkono wa Shangazi mwenyewe, akaviweka vidole vyake mahali. Nikaona vidole vile, vilivyokuwa vikitambua pamba na hariri gizani, vinasimama.

"Kama kifungo," Shangazi akasema. "Kile kikubwa cha koti."

"Hakijakuuma?"

"Kingeniuma ningekuja, mwanangu."

"Ndiyo shida yake. Mwanzoni mara nyingi hauumi. Watu wanasubiri maumivu, na uvimbe wenyewe hauna haraka ya kuwaumiza." Alivua glavu. "Nisikutishe, mama. Uvimbe mwingi tunaokuta kwenye maziwa si kansa. Lakini si wewe wala mimi tunaoweza kujua kwa kushika. Tutapiga picha, halafu tutachukua kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe."

"Nasikia ukiuchokoza kwa sindano ndiyo unatawanyika."

"Umesikia kwa nani?"

"Sokoni."

"Sokoni kuna vitambaa vizuri," daktari akasema. "Kwa habari za sindano njoo kwangu."

Nikamwona Shangazi anamtazama upya. Alikuwa amekutana na mdomo wa saizi yake.

Picha ikapigwa, sindano ikachukua kinyama, kisha wakatuambia tungoje kupigiwa simu. Hilo la kungoja ndilo lililotumaliza. Simu ya Shangazi iliwekwa kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa chochote kilichokuwepo, na kila ilipolia mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Mteja anaulizia zipu. Mguu unaanza tena. Mtu amekosea namba. Mguu unaanza. Wiki hiyo alikata blauzi ya mwenyekiti wa wauza mboga, akaipa mikono miwili ya kushoto. Aliitazama muda mrefu, mkono huu na mkono huu, kisha akaiweka pembeni, na mimi nikaenda kulilia kwenye ngazi, kwa sababu tangu nimjue sijaona mkasi wake ukikosea.

Mumewe alikuwa bado hajui. Mumewe ni fundi saa, wote tunamwita Mzee Saa, ana kibanda chini, upande wa pili wa jengo, mtu wa maneno machache na lenzi jichoni. Shangazi alisema atamwambia majibu yakitoka, kuna haja gani ya hofu kukaa watu wawili wakati mmoja anatosha. Ila siku ile ya mikono ya kushoto Mzee Saa alipanda ngazi mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, nani mgonjwa?"

"Nani kasema kuna mgonjwa?"

"Siku kadhaa sasa hujaja kunitukana saa ya chai."

Shangazi akamwambia. Palepale, akiwa amesimama, sindano imemning'inia mdomoni. Mzee akavua lenzi, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Niliona," akasema. "Ukijipaka mafuta. Niliona limebadilika. Nikadhani ni umri, nikasema nikitaja utaniambia nami nijitazame tumbo."

"Ningekuambia hivyo hivyo."

"Najua." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ningetaja tu."

Simu iliita kesho yake, na sauti ikasema: njoo na mtu wa nyumbani.

"Kwani wakisema uje na mtu, maana yake nini?" Shangazi akaniuliza.

"Maana yake benchi lina nafasi."

"Nusu."

"Sijui, Shangazi. Sijui maana yake."

Tulikwenda watatu. Daktari hakuzunguka. Alilitaja jina lake, kansa, mara moja, bila kulivalisha koti. Akasema kilichomo kwenye ziwa ni hiki, kwamba kimeshagusa tezi ya kwapani, kwamba vipimo vingine havikuonyesha kimekwenda mbali, na kwamba kinatibika. Litatolewa ziwa lote, halafu dawa za dripu, halafu tutaona. Mzee Saa alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa kila neno, kama anasikiliza mlio wa saa mbovu.

"Na ningekuja wakati wa gauni la kijivu?" Shangazi akauliza.

Daktari hakuelewa. Nikamweleza mimi: la kijivu, la kijani, jeusi, na kile kipande kilichoongezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikamwona anajiuliza kama inafaa kujibu.

"Huenda tungetoa kipande tu, tukakuachia ziwa," akasema. "Huenda. Siwezi kuapa. Lakini ungechelewa gauni jingine moja, mama, leo tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Wewe ni nani wake?"

"Binti wa kaka yake."

"Panda kitandani."

Mimi, mwenye mdomo wote huu, niliyebeba bobini kama shujaa, nilipanda kile kitanda nikasahau kuvua viatu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alizunguka, akazunguka, na katika muda ule niliahidi mambo mengi kwa Mungu, likiwemo la diploma. Hakukuta kitu. Akanionyesha jinsi ya kujitazama mwenyewe kila mwezi, damu ikishakatika: kioo, mikono juu, mikono kiunoni, kisha vidole. Ukiona ukubwa umebadilika, ngozi imevutwa, chuchu imeingia au inatoa majimaji, kinundu, usingoje maumivu. Shangazi alikuwa anasikiliza kuliko mimi, midomo ikicheza, kama anavyoshika vipimo.

Ziwa lilitolewa. Dawa zikachukua nywele, nyusi, ladha ya chakula na kucha mbili. Kuna siku aliingia kazini, akakaa, akaegemeza kipaji kwenye cherehani na kukaa hivyo mpaka jioni, na mimi nikawaambia wateja Fundi anasali. Mdomo ulikuwa wa kwanza kupona. Sasa anarudi hospitali kutazamwa kila wanapompangia, na siku mbili kabla ya tarehe hakuna anayemsogelea. Kikohozi kidogo ni mapafu, mgongo ukiuma ni mifupa, na mguu unasimama kwenye kanyagio simu ikilia. Sikudanganyi kwamba hofu imekwisha. Imehamia kwetu tu, kama mpangaji.

Nyuma ya pazia mambo yamebadilika. Anapima kama zamani, na habari za mama mkwe anauliza kama zamani, kisha anasema, "Inua mikono yote miwili, utazame kioo, si mimi." Wapo wanaokasirika. Mmoja alimwambia amekuja kushonwa sketi, si kutabiriwa kifo. Shangazi akamjibu, "Sketi inaweza kusubiri, mama," na yule mama akaondoka na kitambaa chake. Wengine wawili walitumwa kwa daktari mwenye koti linalobana. Mmoja hakuwa na kitu. Mwingine bado anangoja simu, na Shangazi anangoja naye.

Ile pamba waliyompa hospitali kuziba nafasi ilikuwa nyepesi. Sidiria ilikuwa ikipanda upande mmoja mpaka shingoni na bega likaanza kuinama. Akakaa akafikiri, akashona kijifuko cha pamba laini, akakijaza mbegu za mtama, akapima kwa mkono mpaka kushoto kukalingana na kulia, na kwenye sidiria akashona mfuko wa ndani wa kukiweka. Alitembea nacho jengo zima. Hakuna aliyejua, isipokuwa aliowaambia, na aliwaambia wote.

Sasa wanakuja kutoka kliniki, mmoja mmoja, wanapanda ngazi polepole, wanachungulia mlangoni na mkoba kifuani. Wa jana alikuwa kijana kuliko mimi. Alipimwa, akavaa, akajitazama kioo kwa mbele, kwa upande, kisha akauliza bei kwa sauti ndogo.

Sidiria moja pamoja na kijazio chake ni elfu kumi na mbili.